Kuvaa Jezi Ukubwani: Ligi za Ridhaa na Afya ya Mwili Mkoani Songwe

Mji wa Tunduma huamka mapema. Malori yanayotoka Dar es Salaam kuelekea Zambia na Kongo hupanga foleni kwenye barabara kuu, madereva wakisubiri zamu yao ya kuvuka kwenda Nakonde. Tangu Oktoba 2019, ulipozinduliwa utaratibu wa kituo kimoja cha huduma kwa pande zote mbili za mpaka, makaratasi hukamilishwa chini ya paa moja. Hata hivyo, mji wenyewe umebaki kuwa mji wa kuketi. Dereva ameketi nyuma ya usukani, wakala wa forodha ameketi mbele ya kompyuta, mfanyabiashara ameketi dukani, mbadili fedha ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, na mwenye bodaboda ameketi juu ya pikipiki akingoja abiria. Miaka ishirini au thelathini iliyopita wengi wao walikuwa wakimbiaji wa shule au wachezaji wa timu za mtaa. Leo mwendo wao mrefu kuliko yote ni ule wa kutoka kibarazani hadi kituo cha daladala.

Kisha siku moja mtu hufuatwa na rafiki au mfanyakazi mwenzake na kuambiwa kwamba timu inaundwa: timu ya maveterani ya mtaa, timu ya halmashauri, au timu ya netiboli ya akina mama wa ofisini. Mechi zitachezwa wilaya kwa wilaya, na jezi zimekwisha kuagizwa. Linalotakiwa ni jina lake tu. Swali analojiuliza usiku ule ni la haki: je, mwili huu wenye miaka 45, ambao haujakimbia tangu alipomaliza sekondari, utaweza? Makala haya yanajaribu kulijibu, kwa ajili ya mhusika mwenyewe na kwa ajili ya mhudumu wa afya atakayeombwa ushauri.

Ligi zilizopo

Michezo ya ridhaa kwa watu wazima si jambo geni nchini Tanzania. Watumishi wa wizara, idara za Serikali na sekretarieti za mikoa hukutana katika mashindano ya SHIMIWI, na watumishi wa halmashauri katika yale ya SHIMISEMITA. Humo huchezwa soka na netiboli, kamba huvutwa, watu hukimbia na kuendesha baiskeli, na wale ambao magoti yamekwisha kuchoka hukaa mbele ya bao, drafti au karata. Mbali na hayo, karibu kila mji una timu za maveterani na vikundi vya kukimbia pole pole alfajiri, ambavyo hukutana kwa mabonanza mwishoni mwa wiki.

Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Una halmashauri tano: Mji wa Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Hesabu hiyo yenyewe ni ratiba. Kila halmashauri ikitoa timu moja, na kila timu ikicheza na nyingine nne nyumbani na ugenini, zinapatikana mechi nane kwa kila timu, yaani shughuli ya miezi kadhaa bila ya kumchosha mtu wala kumaliza mfuko wake.

Kwingineko duniani mtu mzima anayetafuta timu huweza kuangukia mchezo wa padeli. Mchezo huo ulibuniwa mwaka 1969 na Enrique Corcuera katika mji wa Acapulco, nchini Meksiko. Huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 10 kilichozungushiwa kuta ambazo mpira huruhusiwa kuzigonga. Umeenea kwa kasi Hispania, Ajentina na nchi za Ghuba, na sasa unachezwa pia katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Kiwanja chake kina gharama, na mwana-Tunduma hana sababu ya kukingojea. Bali liko jambo moja katika ligi zake za ridhaa linalofaa kuazimwa, nalo litaelezwa mwishoni.

Kwa nini timu?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mazoezi ya jioni mawili na mechi moja ya Jumamosi yanatosha kukifikia kiwango hicho. Nchini Tanzania, mwishoni mwa mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wananchi. Haja ilikuwa dhahiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja ana sukari iliyozidi.

Mtu anaweza kukimbia peke yake, na kukimbia peke yake ni kwema. Lakini anayekimbia peke yake hana wa kumwuliza kwa nini leo hakuonekana. Timu humngoja, na asipofika nafasi yake huonekana tupu. Uchunguzi uliofanywa Copenhagen, Denmark, ukawafuatilia watu wapatao 8,500 kwa muda wa hadi miaka 25, uliwakuta wachezaji wa tenisi wakiishi karibu miaka 10 zaidi ya watu wasiofanya mazoezi. Wa badminton miaka 6. Wa soka miaka 5 hivi. Na wanaokimbia peke yao miaka 3. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mchezo pekee ndio ulioongeza miaka hiyo, kwa kuwa anayecheza tenisi aghalabu ana kipato na elimu zaidi. Hata hivyo watafiti waliona kwamba michezo inayokutanisha watu ndiyo iliyoongoza, wakahisi kwamba ule ujamaa wenyewe una sehemu yake katika tiba.

Kwa soka ushahidi umekwenda mbele zaidi. Katika majaribio kadhaa, watu wazima wenye shinikizo la juu la damu walicheza soka la timu ndogo, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu hadi sita. Kipimo cha juu cha shinikizo lao kilishuka kwa wastani wa takribani 10, kiasi kinachokaribia kazi ya kidonge kimoja. Hilo halina maana kwamba dawa zitupwe. Maana yake ni kwamba mpira unaweza kusaidiana na dawa.

Hatari ambayo haisemwi

Haifai kumwita mtu uwanjani kwa sifa tupu. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka katikati ya uwanja pasipo kuguswa na mtu, akafariki akiwa na miaka 28. Moyo wake ulikuwa na misuli iliyonenepa kupita kiasi. Desemba 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao alifunga bao, na muda mfupi baadaye akaanguka na kufariki. Wote wawili walikuwa vijana waliozoea mazoezi.

Kwa kijana, kifo cha ghafla uwanjani aghalabu hutokana na hitilafu ya moyo aliyozaliwa nayo au kuirithi. Kwa mtu aliyevuka miaka 35, sababu kubwa ni nyingine: mishipa inayoulisha moyo imesinyaa kwa mafuta, na mwenyewe hajui. Jitihada kali ya ghafla huweza kuupeleka moyo huo mahali usikozoea. Ifahamike kwamba matukio hayo ni machache sana yakilinganishwa na vifo vinavyoletwa na kukaa bila ya mazoezi. Lakini anayekabiliwa zaidi ni yule asiyefanya lolote wiki nzima, kisha Jumamosi akataka kukimbia kama alivyokuwa na miaka 20. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kuanza kidogo kidogo: wiki nne hadi sita za kutembea kwa kasi na kukimbia pole pole kabla ya mechi ya kwanza ya kushindania pointi.

Kabla ya kuandikisha jina

Kila mwenye miaka 35 au zaidi anayetaka kujiunga na timu, na kila mwenye ugonjwa wa kudumu wa umri wowote, inafaa apite kwanza katika zahanati, kituo cha afya au hospitali. Ziara hiyo haihitaji mashine za gharama. Inahitaji kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari, mzani, na mhudumu mwenye subira ya kuuliza maswali yafuatayo:

Je, umewahi kuzimia au kukaribia kuzimia wakati wa kukimbia? Je, kifua hukubana au kukuuma unapopanda mlima au ngazi? Je, moyo hukudunda ovyo, au pumzi hukuishia upesi kuliko wenzako wa umri wako? Je, yupo ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kufika miaka 50? Je, unavuta sigara? Unatumia dawa gani, pamoja na za mitishamba?

Jibu la «ndiyo» kwa swali lolote kati ya manne ya kwanza humsimamisha mtu mpaka aonwe na daktari na kupimwa umeme wa moyo. Wanaotoka Songwe huanzia hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Vwawa, na wakihitaji zaidi hupelekwa Mbeya. Aliyepimwa na kukutwa na shinikizo la 180/110 au zaidi asicheze mpaka litulizwe. Mwenye shinikizo lililozidi kidogo anaweza kuanza kutembea siku ile ile, huku akitibiwa.

Mgonjwa naye ana nafasi

Wengi huambiwa wana kisukari au shinikizo, nao huona kwamba jezi si yao tena. Hilo ni kosa. Mgonjwa ndiye anayehitaji zaidi mazoezi, ilimradi ajue masharti yake.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kuishiwa sukari uwanjani, na hata usiku baada ya mechi. Inafaa apime kabla ya kuanza. Sukari ikiwa chini ya 5, ale kwanza ndizi, kiazi au kipande cha mkate. Ikiwa juu ya 14, na hasa akijisikia mgonjwa, asicheze siku hiyo. Mfukoni au katika begi la timu pawepo sukari au soda ya kawaida, na angalau mwenzake mmoja ajue kwamba kutetemeka, jasho la baridi na maneno ya kuchanganyikiwa si ulevi. Miguu yake ikaguliwe kabla na baada ya mchezo, kwa maana njumu ya kuazima inaweza kumwachia jeraha lisilouma, na jeraha lisilouma ndilo linalopoteza mguu.

Mwenye shinikizo anayetumia atenololi asishangae mapigo ya moyo yasipopanda kama ya wenzake, kwa kuwa hiyo ni kazi ya dawa. Kipimo chake cha jitihada kiwe mazungumzo: akiweza kusema sentensi nzima bila ya kukatika pumzi, mwendo ni wa wastani. Anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini anywe maji ya kutosha. Baridi ya nyanda za juu hudanganya. Mchezaji wa Tunduma au Ileje hatoki jasho linaloonekana kama wa pwani, lakini maji humtoka vile vile.

Anayeishi na virusi vya UKIMWI na kuzifuata dawa zake hana sababu ya kuzuiwa kucheza, wala hana wajibu wa kumtangazia nahodha hali yake. Sheria ya uwanjani ni moja kwa wote: anayetoka damu hutoka nje, jeraha huoshwa na kufungwa, anayemhudumia huvaa glavu, kisha mchezaji hurudi. Mwenye kifua kikuu aliyeanza dawa angoje kwanza ushauri wa kliniki yake, maana wiki za mwanzo anaweza bado kuambukiza, na mwili wake unahitaji kurejesha nguvu.

Viungo, misuli na kamba

Jeraha la kawaida kuliko yote ni kuteguka kifundo cha mguu. Mhudumu wa afya hana haja ya kumpeleka kila mmoja kwenye eksirei. Mtu anayeweza kutembea hatua nne, mara baada ya kuumia na tena mbele ya mhudumu, naye hana maumivu makali anapobonyezwa nyuma ya mifupa miwili ya kifundo, kwa kawaida hakuvunjika. Afungwe bendeji, ainue mguu, apumzike siku mbili tatu, kisha aanze kuutumia taratibu. Kumkanda kwa nguvu siku ile ile, kama inavyozoeleka vibarazani, huzidisha uvimbe.

Mchezaji wa miaka 30 hadi 50 aogope zaidi kano ya kisigino. Inapokatika, mwenyewe huhisi kama aliyepigwa teke kwa nyuma, akageuka asimwone mtu. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile aliyegongwa kichwa akapepesuka au kusahau matokeo ya mechi hatarudi uwanjani siku hiyo, hata kama timu imebaki pungufu.

Uvutaji wa kamba, mchezo unaopendwa sana katika mashindano ya watumishi, una hatari yake ya peke yake. Mvutaji akibana pumzi na kukaza mwili, shinikizo la damu hupanda ghafla kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mwenye shinikizo lisilodhibitiwa, mwenye ngiri na mjamzito wakae upande wa washangiliaji. Waliobaki wavute huku wakipumua, na asiwepo mtu wa kuizungusha kamba mkononi.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kupasha misuli moto. Programu ya dakika 20 iliyotayarishwa na wataalamu wa FIFA, ya kukimbia taratibu, kuimarisha tumbo na mapaja, kuruka na kutua vizuri, imepunguza majeraha kwa theluthi au zaidi katika timu zilizoifuata kwa uaminifu. Haihitaji chombo chochote isipokuwa nahodha asiyekubali mchelewaji aingie moja kwa moja uwanjani.

Dakika za kwanza

Tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka jijini London akiichezea Bolton. Moyo wake ulisimama kwa dakika 78, lakini yu hai hadi leo. Aliokolewa kwa sababu kifua chake kilianza kukandamizwa pale pale alipoanguka, na mikono haikuacha kazi mpaka hospitalini.

Viwanja vya Songwe aghalabu havina mashine ya kushtua moyo, lakini mikono ipo. Mtu akianguka bila ya kugongwa, asipojibu wala kupumua kama kawaida, tukio hilo lichukuliwe kuwa moyo umesimama. Mmoja aite msaada na gari, mwingine apige magoti, aweke viganja viwili katikati ya kifua, akandamize kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana kila baada ya dakika mbili. Kumwagia maji, kumkalisha au kumzonga kwa kumpepea hupoteza wakati, na kila dakika inayopita bila ya kukandamizwa kifua hupunguza sana nafasi ya kupona. Kila timu iandike mapema, kwenye karatasi iliyo ndani ya begi la huduma ya kwanza, namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu na jina la mwenye gari litakalobaki uwanjani mpaka mechi imalizike.

Hapa ndipo mhudumu wa afya anapopata kazi mbili. Ya kwanza ni kuwafundisha wenzake jioni moja, kwa kutumia hata mto wa kulalia. Ya pili ni kuvaa jezi yeye mwenyewe. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku akamshauri mgonjwa afanye mazoezi, huku mwenyewe hajafanya hata dakika kumi kwa mwezi, maneno yake huwa mepesi. Yule anayeonekana Jumamosi akikimbia kwa shida kama wengine hahitaji maneno mengi Jumatatu kliniki.

Jambo la kuazima

Katika ligi nyingi za ridhaa za padeli, timu haikutani na timu katika mechi moja ya kufa na kupona. Hutoa jozi kadhaa zilizopangwa kwa viwango: wenye uzoefu hukutana na wenye uzoefu, wanaoanza na wanaoanza, na ushindi wa kila jozi huhesabika kwa timu nzima. Mwanafunzi wa wiki ya sita huweza kuleta pointi inayoamua.

Timu za Songwe zinaweza kufanya vivyo hivyo bila ya kujenga ukuta wa kioo. Badala ya wachezaji kumi na mmoja wenye nguvu na ishirini wa kushangilia, halmashauri mbili zinapokutana zicheze mechi fupi za watu watano watano: vijana kwa vijana, waliovuka miaka 40 kwa wenzao, akina mama kwa akina mama, halafu matembezi ya kilomita tano kwa wanaotoka kliniki ya shinikizo na kisukari, bao na drafti zikifunga hesabu. Kila kundi lilete pointi zake. Meza ya kupima shinikizo na sukari iwekwe langoni, na asiyepimwa asiingie. Kwa mpango huo mtu wa miaka 60 mwenye kidonge chake asubuhi ni mchezaji halali, na si mzigo wa kufichwa benchi.

Foleni ya malori itaendelea kuwapo kesho, na viti vya plastiki vitabaki mahali pake. Aliyeombwa jina lake asilikatae kwa hofu, wala asilitoe kwa pupa. Apite kwanza kituo cha afya akapimwe, aanze kutembea jioni ya siku hiyo, na baada ya wiki sita akachukue jezi yake.